Waliomjua miaka mitatu walishindwaje kumtambua siku ya tatu?

#1 MamaWaShirika, Bukavu
Jambo wote. Wiki hii ni zamu yangu kuongoza tafakari ya Injili katika shirika letu huku Kadutu, na somo ni lile la Emaus. Nimerudia masomo yote ya kipindi hiki cha Pasaka na kuna kitu kimenikwama. Maria Magdalena anamwona Yezu asubuhi ya kwanza, anamdhania mtunza bustani. Wale wawili wa Emaus wanatembea naye njia nzima wakiongea, hawamjui mpaka mezani. Petro na wenzake wako ziwani, yeye amesimama kando ya maji anawaita, na bado hawajui anayeita ni nani. Mara tatu! Na hawa si watu waliomwona siku moja tu kwenye umati. Walikula naye, walilala naye safarini, walimjua hata anavyokohoa.

Padri alisema tu kwamba macho ya imani si macho ya mwili, akaendelea na matangazo. Mama wa shirika langu hawatosheki na jibu la namna hiyo. Wataniuliza: sura yake ilikuwa imebadilika ao haikubadilika? Nyinyi mnalielewa namna gani?

#2 KijanaMajengo, Goma
Mama, walikuwa na usingizi. Tangu Alhamisi usiku hawajalala, nani angetambua mtu?

#3 KatekistaBagira, Bukavu
Kijana, hapana chekesha batu mapema hivi.

Mama, anza na Luka mwenyewe. Katika 24:16 anasema macho yao yalifumbwa wasimtambue. Hasemi uso wa Yezu ulikuwa mwingine. Shida iko upande wa wanaotazama, tena inaonekana ni Mungu mwenyewe aliyezuia. Kwa nini azuie? Kwa sababu kabla hawajamwona, walipaswa kwanza kusikia. Njia nzima anawafafanulia Musa na manabii, kwa nini Masiya alipaswa kuteswa. Halafu wanaketi, anatwaa mkate, anabariki, anaumega, na macho yanafunguka. Neno kwanza, mkate baadaye. Hiyo si Misa? Waambie mama wako kwamba Luka anawaandikia watu ambao hawatamwona Yezu kwa macho tena, anawaonyesha mahali pa kumkuta.

Tena Marko 16:12 ana jambo lake: anasema aliwatokea wawili "kwa sura nyingine". Kwa hiyo ukimuuliza Luka, macho yamefungwa. Ukimuuliza Marko, sura imegeuka. Majibu mawili, na yote yako ndani ya Maandiko.

#4 MbatistiKatindo, Goma
Bwana Yesu asifiwe. Katekista, taratibu kidogo na hiyo Misa yako. Mambo mawili.

La kwanza: Kleopa na mwenzake hawakuwa kwenye karamu ya mwisho. Pale Luka anataja mitume. Sasa wangetambuaje kitendo ambacho hawakukiona? Kama walikumbuka mkate, labda ni ule wa wale elfu tano, Luka 9, ambako pia alitwaa, akabariki, akamega. Ama waliona tu jinsi alivyozoea kula nao. Mtu anayekaribishwa nyumbani kwako halafu yeye ndiye anashika mkate na kuugawa, mgeni gani hufanya hivyo?

La pili: Marko 16:9 hadi 20 haimo katika nakala za kale zilizo bora kabisa, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zote za karne ya 4. Zinaishia 16:8, wanawake wanakimbia kaburini wakiogopa. Hiyo "sura nyingine" inaelekea kuwa muhtasari wa Luka uliofanywa na mtu wa baadaye. Usijenge nyumba juu yake.

#5 KatekistaBagira, Bukavu
Kanisa limeipokea sehemu hiyo kuwa Maandiko Matakatifu na inatosha. Aliyeiandika, awe Marko ao mwingine, alikuwa karibu na tukio kuliko mimi na wewe. Na kuhusu elfu tano, Luka anatumia vitendo vilevile pale, kwenye karamu ya mwisho na Emaus. Hilo si bahati.

#6 MvuviWaIdjwi
Naomba niingie, maana hapo kwenye ziwa mimi niko nyumbani. Navua sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, mitumbwi yetu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa katikati, usiku kucha. Kunapopambazuka mko njiani kurudi. Macho yako yamekesha yakitazama taa, na ukiinua kichwa kutazama nchi kavu unaona vivuli tu. Kwenye maji kuna ukungu mwembamba, mtu aliyesimama ufukweni ni mti. Yoane anasema walikuwa mbali na nchi kavu kadiri ya mikono 200, hiyo ni karibu mita 90. Kwa umbali huo, saa hiyo, mimi simtambui hata bibi yangu. Namjua kwa sauti: anauliza "mumepata?" na mimi kwa namna anavyouliza najua kama ana hasira.

Na angalieni, Yezu aliuliza swali hilohilo. Wenyewe walijibu neno moja: hapana. Mvuvi aliyekosa hana maneno mengi.

Halafu kuna jambo la mwezi. Pasaka ya Wayahudi ni mwezi mpevu. Sisi usiku wa mbalamwezi hatujisumbui, samaki hawaji kwenye taa. Ndiyo maana walikesha bure. Kwa hiyo kwa upande wa ziwa siri haipo: giza, ukungu, uchovu. Hayo mambo mengine ya bustani na Emaus mnajua nyinyi.

#7 MwalimuHistoria, Lubumbashi
Salamu kutoka Lushi. Mvuvi, ukungu wako naukubali, mwezi wako hapana. Pasaka kweli huangukia mwezi mpevu. Lakini Yoane anaweka kisa cha ziwani baada ya kisa cha Tomasi, na Tomasi ni siku nane baada ya ufufuko. Ongeza safari ya kutoka Yerusalemu mpaka Galilaya kwa miguu, zaidi ya kilomita 100, siku kadhaa hizo. Kufikia hapo mwezi umepungua sana, unachomoza usiku wa manane na kuendelea, ao haupo kabisa. Usiku wao ulikuwa wa giza. Na Yoane hataji taa hata moja, nyavu tu.

#8 MvuviWaIdjwi
Basi usiku wa giza na bado wakakosa! Hiyo inafanya muujiza uwe mkubwa zaidi. Mwalimu umenisaidia.

#9 KijanaMajengo, Goma
Mvuvi huyo hapana shindwa, nyavu zake zinanasa upande wote wawili.

Mimi nina swali la kweli sasa. Yoane 21:9, waliposhuka walikuta moto wa makala, yaani makaa, na samaki tayari juu yake, na mkate. Nyavu zao hazijavutwa bado. Huyo samaki wa kwanza alitoka wapi?

#10 MvuviWaIdjwi
Hilo ndilo nilimuuliza mchungaji wetu, akasema nisome mstari unaofuata. Mstari unaofuata Yezu anasema leteni na wenu. Kwa hiyo mezani kulikuwa na wake na wa kwao. Zaidi ya hapo sijui.

#11 MuuguziNdosho, Goma
Nisamehewe nikileta maneno ya hospitali. Katika kazi yetu tunaona mara nyingi watu waliofiwa wakisema wamemwona marehemu: ameketi kwenye kiti chake, amepita mlangoni, amewaita kwa jina. Si vichaa. Ni huzuni, na kwa wengi inapita yenyewe. Maria Magdalena yuko kaburini alfajiri, kungali giza, analia mpaka malaika wanamuuliza unalilia nini. Mtu mwenye machozi machoni haoni vizuri. Sisemi ufufuko haukuwako, mimi niko muumini na naimba katika korali. Nasema tu kwamba hilo la kutotambua halinishangazi. Ni msiba.

#12 DadaIbanda, Bukavu
Muuguzi, aksanti, lakini soma tena ulichoandika. Aliyefiwa huona mtu wake hata pale asipokuwepo. Unamfuata mtu barabarani Nyawera ukidhani ni kaka yako kwa sababu ya shati tu. Katika Injili ni kinyume: yeye yuko mbele yao na wanaona mgeni. Kama ni huzuni iliyoumba maono, ingewapa Yezu waliyemzoea, papo hapo. Haingewapa mtunza bustani ambaye Maria anaanza kumshitaki kwamba amehamisha maiti.

#13 MuuguziNdosho, Goma
Hapo una haki. Lakini huzuni ina namna nyingi. Wapo pia wanaokataa kabisa kumwona aliye hai mbele yao. Mtu amekwisha kuliliwa, akili haimfungulii tena mlango.

#14 YayaFuraha, Bukavu
Kwa neno hilo la #13, niruhusuni niwaambie jambo la nyumbani kwetu.

Baba mkubwa alipotea wakati wa vita, akiwa kijana. Habari zikaja kwamba amekufa porini. Kilio kilifanyika, watu walikaa, walichanga, wakaenda. Miaka mingi ikapita. Siku moja, jioni, mtu akaingia ndani ya ua akisalimia kwa adabu. Mwembamba, ndevu nyeupe, kovu kwenye shavu, viatu vya plastiki. Mama yake aliyemzaa ndiye alikuwa pale anachagua maharagwe. Akamjibu, akaagiza apewe kiti na maji, akaendelea na maharagwe yake. Wakaongea habari za njia, mvua, wapi anatoka. Yeye, baba mkubwa, alisema baadaye kwamba sauti ilimkauka, hakujua aseme "ni mimi" kwa maneno gani. Chakula kikaiva, tukamkaribisha, ndivyo ilivyo desturi. Alipomaliza kunawa hakugusa bugali kwenye sahani. Alivuta sufuria karibu, akainamisha, akaanza kukwangua ukoko kwa kucha ya kidole gumba. Mama mzee aliacha kutafuna. Kisha akaita jina la utotoni ambalo sisi wajukuu tulikuwa hatujawahi kulisikia.

Na unajua alifanya nini baada ya hapo? Hakumkumbatia. Alimshika sikio, akalipapasa nyuma, akitafuta alama. Ukoko haukumtosha. Kwa hiyo mimi Tomasi simlaumu.

#15 MamaWaShirika, Bukavu
Yaya, nimesoma hii mara mbili. Naomba ruhusa niisimulie kwenye shirika bila jina.

#16 YayaFuraha, Bukavu
Isimulie tu.

#17 MbatistiKatindo, Goma
Kisa kizuri, dada, na Mungu ashukuriwe. Lakini tusikifanye funguo ya kila kitu. Baba mkubwa wako hakufa. Alibadilishwa na miaka, njaa na kovu. Yesu alikuwa kaburini tangu Ijumaa jioni mpaka alfajiri ya Jumapili, hakuzeeka.

Mtu wa kulinganisha naye ni Lazaro. Lazaro alikaa kaburini siku nne, akatoka akiwa amefungwa sanda mikono na miguu, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Wote walimjua. Kwa nini? Kwa sababu Lazaro alirudi katika maisha yaleyale, na baadaye akafa tena. Yesu hakurudi nyuma. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anatumia mfano wa mbegu: unachopanda si mwili ule utakaokuwa. Ni yuleyule lakini si vilevile. Ndiyo sababu anaingia milango ikiwa imefungwa na bado anakula kipande cha samaki mbele yao. Kwangu hilo linajibu swali la mama: ndiyo, kulikuwa na badiliko, na lilikuwa kubwa kuliko sura.

#18 KatekistaBagira, Bukavu
Mbatisti leo anahubiri vizuri kuliko padri wetu. Lakini sasa #3 na #17 zinapingana: mimi nasema macho yalizuiwa, wewe unasema mwili uligeuka. Na majeraha je? Kama mwili ni mpya, kwa nini mashimo ya misumari yalibaki?

#19 DadaIbanda, Bukavu
Kwa sababu mwili usio na alama ungekuwa wa mtu mwingine. Huku kwetu watu wengi wana alama. Akija mmoja na kuniambia mbinguni zitafutwa zote na kila mtu atang'aa, sijui kama ningefurahi. Yeye alizibeba, akazionyesha yeye mwenyewe kwanza kabla Tomasi hajaziomba. Soma Yoane 20:20, siku ile ya kwanza Tomasi akiwa hayupo.

Na kitu kimoja watu hukisema ovyo: Tomasi hakugusa. Yaani Yoane hasemi kama aligusa. Anaambiwa lete kidole chako, na mara anajibu "Bwana wangu na Mungu wangu". Wachoraji ndio waliomtia kidole ubavuni.

#20 KijanaMajengo, Goma
Maisha yangu yote nimejua Tomasi aligusa. Nimeenda kusoma. Kweli haiko!

#21 AbuBirere, Goma
Assalamu alaykum ndugu zangu na majirani. Mnajua sisi Waislamu tunasema hakusulubiwa, Qur'ani 4:157, kwa hiyo hapo hatutakutana na sikuja kubishana hilo. Lakini nimefuata uzi huu tangu asubuhi dukani na nina swali la mtu wa nje. Kama alitaka watu waamini, kwa nini hakwenda kwa Pilato? Ama kwa kuhani mkuu Kayafa? Dakika tano tu mbele ya Kayafa, ubishi ungekwisha. Badala yake anatembea na watu wawili kuelekea kijiji ambacho, nasikia, nyinyi wenyewe hamkubaliani kilikuwa wapi.

#22 MwalimuHistoria, Lubumbashi
Wa alaykum salaam, Abu. Hilo la kijiji ni kweli. Luka anasema stadia 60, kama kilomita 11, lakini nakala nyingine zinasema 160. Kuna sehemu zisizopungua tatu zinazodai ndizo Emaus: Imwas, El-Qubeibeh, Abu Ghosh. Imwas iko mbali, inaendana na 160, na hapo wale wawili wangelazimika kurudi mbio usiku uleule mwendo wa mlima karibu kilomita 30. Wengine wanaona haiwezekani. Aliyetembea kutoka Goma mpaka Sake na watoto Mei 2021, volkano ikiwa imelipuka, atakuambia mwili unaweza mambo ambayo hukuyatarajia.

Na tazameni walikuwa wanaelekea wapi: wanauacha mji. Wamesema "sisi tulitumaini". Wamekata tamaa, wanarudi kwao. Anawafuata hao wanaoondoka.

Kuhusu Kayafa, jibu la Petro liko Matendo 10:41: hakuonyeshwa kwa watu wote, ila kwa mashahidi waliochaguliwa, waliokula na kunywa pamoja naye. Najua utaniambia hilo ni jibu rahisi la anayejitetea.

#23 AbuBirere, Goma
Umenitangulia, ndivyo ningesema. Mashahidi wote ni marafiki.

#24 MchungajiKijana, Goma
Si wote, kaka Abu. Hesabu vizuri orodha ya Paulo katika 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa miaka kama 20 na kidogo baada ya tukio: Kefa, yaani Petro, wale kumi na wawili, zaidi ya ndugu 500 kwa wakati mmoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Paulo alikuwa adui aliyekuwa akiwakamata watu. Yakobo ni ndugu yake Bwana, na Yohana 7:5 inasema ndugu zake hawakumwamini. Na hata marafiki, Mathayo 28:17, wako juu ya mlima wanamwabudu na wengine wao waliona shaka. Kuona hakukuwamaliza shaka. Kayafa angeona akasema ni uchawi.

Sasa maoni yangu kuhusu swali la mama. Siku zile 40 mimi naziona ni siku za kuachisha ziwa. Mama hamnyimi mtoto siku moja ghafla, anampa, anamnyima, anampa kidogo, mpaka mtoto anazoea chakula kingine. Yesu anatokea, anatoweka, anatokea. Maria akitaka kumng'ang'ania anaambiwa usinishike. Kule Emau mara tu wanapomtambua, hayupo. Anawafundisha kuishi naye bila kumwona. Kwa hiyo kutotambua ni sehemu ya somo, si kizuizi cha somo.

#25 KatekistaBagira, Bukavu
Nzuri, lakini katika Mateo 28:9 wanawake wanamshika miguu na hawaambiwi kitu.

#26 MchungajiKijana, Goma
Waliambiwa nendeni. Walishika, wakatumwa. Maria alitaka kushika na kubaki.

#27 KatekistaBagira, Bukavu
Hilo umeliongeza wewe, mchungaji. Mateo hasemi walikuwa tayari kuachia.

#28 DadaIbanda, Bukavu
Nikirudi kwenye orodha ya #24: mmeona kuna nani hayupo? Wanawake. Injili zote nne zinaanza na wanawake kaburini, na katika Mateo na Yoane ndio wa kwanza kumwona. Paulo anaanza na Kefa. Labda alikuwa anataja mashahidi ambao baraza la siku zile lingekubali, lakini basi tuseme wazi. Ilibidi tusubiri hadi 2016 Papa Fransisko aifanye tarehe 22 Julai kuwa sikukuu kamili ya Maria Magdalena, sawa na mitume. Kabla ya hapo, tangu Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, amchanganye na yule mwenye dhambi wa Luka 7, alikuwa anahubiriwa tu kama kahaba aliyetubu. Injili haisemi hivyo popote.

Na kuhusu mtunza bustani: Yoane ndiye peke yake anayesema kaburi lilikuwa ndani ya bustani. Siku ya kwanza ya juma, bustani, mwanamume na mwanamke. Mtu aliyesoma kitabu cha Mwanzo, Adamu na Hawa katika Edeni, anajua yuko wapi. Kwa hiyo Maria hakukosea sana. Alidhani ni mtunza bustani na kwa namna fulani ndiye.

#29 MvuviWaIdjwi
Samaki 153, hakuna anayezungumza? Mnaongea wanawake, mnaongea bustani, namba iko pale.

#30 MwalimuHistoria, Lubumbashi
Nilijua utafika. Jeromu alisema wataalamu wa zamani walihesabu aina 153 za samaki, kwa hiyo ni mataifa yote. Augustino alifanya hesabu: jumlisha 1 hadi 17 unapata 153, na 17 ni amri 10 pamoja na vipaji 7 vya Roho. Jaribuni kwenye simu, ni kweli inafika. Kila mtu tangu siku hizo amepata maana yake.

#31 MvuviWaIdjwi
Wote hao hawajavua. Walihesabu kwa sababu walipaswa kugawana! Walikuwa saba katika chombo. Samaki wakubwa huhesabiwa mmojammoja, kila mtu anajua fungu lake. Sambaza ndio hatuhesabu, tunapima kwa beseni.

#32 KijanaMajengo, Goma
153 kugawa 7 ni 21 na sita wanabaki. Hapo ndipo vita ingeanza huku Kituku.

#33 YayaFuraha, Bukavu
Sita waliobaki ni wa mwenye mtumbwi. Na kwa wasiojua, sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wetu walikula samaki wengine. Sasa beseni imepanda tena au ni sokoni kwetu tu?

#34 MuuguziNdosho, Goma
Imepanda kila mahali. Turudi kwenye somo tafadhali.

Kitu ambacho kimenigusa tangu mwanzo wa uzi huu ni yale makala ya #9. Moto wa makala unatajwa mara mbili katika Injili ya Yohana. Mara ya pili ni pale ufukweni. Mara ya kwanza ni 18:18, uani kwa kuhani mkuu, usiku ule wa baridi, Petro amesimama anaota moto na anakana kwamba ni mwanafunzi wake. Mara tatu. Sasa alfajiri, moto uleule wa makala, harufu ileile, na anaulizwa mara tatu "wanipenda?" Kwa kazi yangu najua harufu inavyoweza kumrudisha mtu pale alipoumizwa, ama alipoumiza. Yesu angeweza kumsamehe Petro popote. Alimwashia moto. Swali letu limekuwa kwa nini hawakumtambua. Pengine yeye alikuja ili wao watambuliwe.

#35 MchungajiKijana, Goma
Hiyo ya mwisho nitaiiba Jumapili.

#36 KatekistaBagira, Bukavu
Ibeni wote, lakini angalieni: Yoane 21:12 inasema hata walipoketi kula hakuna aliyethubutu kumuuliza wewe ni nani, wakijua kwamba ni Bwana. Wanajua, na bado wana hamu ya kuuliza. Hapo maelezo yetu yote, ukungu, huzuni, mwili mpya, kuachishwa ziwa, hayatoshi. Mita 90 zimekwisha, wako mbele yake, samaki yuko mkononi, na swali lingali kinywani.

#37 MamaWaShirika, Bukavu
Aksanti wote. Nitasimulia ukoko wa Yaya, nitauliza swali la makala, na hilo la 21:12 nitawaachia mama wenyewe walipasue. Abu, swali lako la Kayafa nalichukua pia, lakini nitasema limetoka kwa jirani.

Moja la mwisho. Mama mmoja wa shirika ameshaniuliza leo sokoni: na mama yake je? Alimtokea Bikira Maria?

#38 KatekistaBagira, Bukavu
Mapokeo ya wengi yanasema ndiyo, tena wa kwanza. Mtakatifu Ignasi wa Loyola katika mazoezi yake ya kiroho anaanza maono ya ufufuko na huyo, na anasema wazi kwamba Maandiko hayataji, lakini mtu mwenye akili ataelewa.

#39 MbatistiKatindo, Goma
Nilijua tu tutafika huko. Katekista, kama kila mahali Biblia iliponyamaza tunajaza sisi, tutafika wapi?

#40 KatekistaBagira, Bukavu
Kunyamaza si kukana. Luka 24:34 inasema Bwana amemtokea Simoni. Kisa chenyewe kiko wapi? Hakuna Injili inayokisimulia. Kilitokea na hakikuandikwa.

#41 MbatistiKatindo, Goma
Lakini kimetajwa. Mama yake hakutajwa hata kwa neno moja.

#42 DadaIbanda, Bukavu
Tazameni Matendo 1:14. Chumba cha juu, baada ya kupaa: wako mitume, wanawake, Maria mama yake Yezu, na ndugu zake. Ndugu zake! Walewale wa Yoane 7:5 waliokuwa hawaamini. Sasa wanasali na wengine. Kati ya mistari hiyo miwili kuna jambo lilitokea ndani ya familia ile, na tulicho nacho ni maneno machache tu ya Paulo, kwamba alionekana na Yakobo. Nani alikuwa nyumbani siku hiyo? Yakobo alimtambua mara moja ao naye alimwona mgeni? Alikuwa amelala nyumba moja naye miaka yote.

#43 MbatistiKatindo, Goma
Hiyo nitakaa nayo leo. Lakini ni Yakobo, dada. Si mama yake.